Kwilti Zako Zimeanza Kufanana? Jifunze Mishono Hii Mitatu, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ni yaleyale. Mtu ananunua kitenge kipya, anachora upya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, anabadilisha rangi ya migomba, anamaliza kazi na kuitundika. Akiitazama anaona ni ileile ya mwaka jana: mistari ya cherehani imenyooka vilevile, kila kipande kimezungushiwa zigizaga ileile. Akijaribu mshono mwingine, uzi unajisokota chini, kazi inavutika upande, naye anarudi kwenye mazoea.

Kwa ninavyoona, tatizo haliko mkononi. Watu wengi hujifunzia mshono mpya juu ya kazi wanayotaka kuiuza, tena mishono mitano kwa mpigo mmoja. Hapa tutajifunza mitatu tu, yaani bandi ya kuonekana, kushona huru kwa cherehani na kulaza uzi, na tutaanzia kwenye vipande vya mazoezi. Vifaa vyote ni vya kupatikana Arusha na Moshi. Hakuna haja ya kuagiza kitu nje.

Kwa anayeanza kabisa: kwilti ni matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja. Juu kuna kitambaa chenye picha, katikati kuna ujazo, chini kuna kitambaa cha mgongo. Mshono unaopita matabaka yote matatu ndio unaozungumziwa hapa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kitambaa cha juu. Kitenge cha pamba, kanga, au batiki. Kitambaa kinachovutika kama cha fulana kiache kwanza.
- Kitambaa cha mgongo. Shuka la pamba la mtumba linafaa sana, kwa kuwa limeshafuliwa mpaka likalainika. Moshi utalipata Memorial au Kiboriloni, Arusha zunguka Kilombero. Likague kwenye mwanga kabla ya kulipa. Lililochakaa katikati litachanika kwenye matundu ya sindano.
- Ujazo. Blanketi jepesi la mtumba au flaneli. Usitumie sponji. Inaikandamiza sindano, mishono inarukwa, na kwa mkono haipitiki.
- Nyuzi. Uzi wa kawaida wa cherehani wa rangi mbili zinazotofautiana waziwazi, uzi wa kutarizi wa nyuzi sita, na kitu kinene cha kulaza: sufu, kamba nyembamba ya katani, au utepe uliochanwa kutoka kwenye kitenge.
- Sindano. Za cherehani namba 14 na 16, ziwe mpya. Za mkono ziwe na tundu refu.
- Cherehani cha kukanyaga kwa mguu au cha umeme. Cha kuzungusha kwa mkono hakifai kwa kushona huru kwa sababu mikono yote miwili inahitajika kwenye kitambaa.
- Mguu wa cherehani wa kutarizia, ule wenye duara dogo na springi. Waulize wanaouza spea za vyerehani, na uende na mguu wako wa zamani ili wakupe unaolingana.
- Chaki ya fundi au kipande kikavu cha sabuni, futi kamba, mkasi, pasi, na glavu za mpira za kuoshea vyombo.

Kuhusu kuchora alama, biro isikaribie kazi yako. Haitoki, na ukipitisha pasi ndiyo umeigandisha.

## Hatua ya 1: Fua kabla ya kukata

Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani, na wanga huo unaficha mambo mawili: kitambaa kitasinyaa, na huenda rangi inatoka. Ukishona kitenge ambacho hakijafuliwa juu ya shuka lililofuliwa miaka, siku ya kwanza kazi ikigusa maji kimoja kitavuta na kingine kitagoma, picha itajikunja.

Fua vyote, kausha, piga pasi. Kwa batiki na nyekundu zilizokolea, weka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake ukandamize kwa pasi ya moto. Cheupe kikipata doa, rudia kufua mpaka maji yatoke safi. Chumvi na siki husifiwa sana, lakini haziishikishi rangi iliyotiwa kiwandani, kwa hiyo usizitegemee. Rangi isipoacha kutoka, kitambaa hicho kipangie kazi nyingine.

## Hatua ya 2: Tengeneza vipande sita vya mazoezi

Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30 kwa kila tabaka. Tumia vitambaa vilevile vya kazi yako halisi, hata kama roho inauma kukata kitenge kizuri. Ukazo wa uzi unategemea unene wa kitambaa. Mazoezi ya kwenye kitambaa kimoja chembamba hayatakufundisha kitu kuhusu matabaka matatu.

Tandaza mgongo mezani, uso wake mzuri ukiangalia chini, ubandike pembe zake kwa selotepu. Uvute unyooke, usiukaze. Weka ujazo, kisha kitambaa cha juu, ukilainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje.

Sasa piga bandi ya kushikilia, mishono mirefu ya kutolewa baadaye, kwa uzi wa rangi inayoonekana. Anzia katikati uende kwenye ukingo, kama miale, kisha jaza nafasi ili isibaki sehemu pana kuliko kiganja chako isiyo na bandi. Ukianzia pembeni kuja ndani, kitambaa cha ziada kinasukumwa katikati na kunaswa humo. Huwezi kukiondoa tena bila kufumua.

*Imekaa sawa ikiwa:* unaweza kukishika kipande kwa pembe moja, ukakitikisa, na hakuna tabaka linaloteleza.

Pini peke yake haitoshi kwa kazi ya cherehani, maana kila pini ni kizuizi cha kusimama. Na katika masika pini za bei rahisi zilizosahaulika ndani ya kazi huacha kutu.

## Hatua ya 3: Bandi ya kuonekana

Anza kwa mkono, hata kama unamiliki cherehani kizuri. Mkono unakufundisha macho kupima nafasi, na kipimo hicho ndicho utakachokihitaji baadaye mashine ikikimbia.

Bandi kila mtu anaijua: sindano inaingia, inatoka. Ndiyo hii inayobeba kantha ya Bengal na sashiko ya Japani, mitindo ya kushona kwa mkono, na kila moja inaitumia tofauti. Kwenye sashiko mshono wa juu ni mrefu kidogo kuliko nafasi inayoufuata, na mistari inapokutana huachwa uwazi mdogo katikati ili nyuzi zisirundikane. Kwenye kantha mistari hukaribiana sana mpaka kitambaa kinajikunja kidogo na kuwa na mawimbi. Hayo mawimbi ni mapambo, si kosa.

Fanya hivi. Kata uzi wa kutarizi wenye urefu wa kuanzia ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko, usizidi hapo. Uzi mrefu hupita kwenye kitambaa mara nyingi mno, unachanika manyoya na kujifunga. Tenganisha nyuzi sita uchukue tatu, ukizichomoa moja moja na kuzirudisha pamoja, maana ukizivuta tatu kwa pamoja zitajisokota.

Piga fundo dogo. Chomeka sindano juu, hatua chache kabla ya mahali pa kuanzia, ipite ndani ya ujazo tu na kutokea unapoanzia. Vuta kidogo kwa ghafla: fundo litapenya kitambaa cha juu na kubaki ndani. Mgongo unabaki msafi.

Shona mistari kumi sambamba, mishono ya milimita 4 hadi 5. Pakia mishono mitatu au minne kwenye sindano kabla ya kuvuta, kwa sababu mishono iliyopakiwa pamoja hulingana kuliko ya kuvuta mmoja mmoja. Kila ukimaliza mstari, pitisha kidole gumba juu yake ukivuta kitambaa kwa upole. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakaza uzi kama wanashona gunia, na mraba wa sentimita 30 unatoka ukiwa na 27, umepinda kama bakuli.

*Umefaulu ikiwa:* ukikilaza kipande mezani pembe zote nne zinalala, na ukikigeuza mishono ya mgongoni inaonekana yote. Isiyoonekana mgongoni haikushika matabaka matatu.

Kwenye kipande cha pili, acha mistari sambamba uanze kuchora. Chukua mlima wenyewe. Kibo ni mviringo wa taratibu, kwa hiyo mishono mirefu inayofuatana na umbo lake inatosha, ikipungua kuelekea kileleni ili nyeupe ya kitambaa ibaki kuwa barafu. Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huohuo, umechongoka na kuvunjikavunjika; mpe mishono mifupi iliyokatika, inayobadili mwelekeo. Vilele viwili, mshono mmoja, na mtu hatahitaji kuambiwa kipi ni kipi. Ukiwa Moshi unautazama mlima, Mawenzi uko kulia. Naisema hii kwa sababu nimeona kazi nyingi zilizonakiliwa kutoka kwenye picha zilizopigwa upande wa Kenya, na mteja wa Moshi hulitambua hilo kabla hajauliza bei.

## Hatua ya 4: Kushona huru kwa cherehani

Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye ushonaji wa kawaida, meno ya cherehani yaliyo chini ya mguu huvuta kitambaa kwenda nyuma. Kwenye ushonaji huru meno hayo hayafanyi kazi. Wewe ndiye unayekisogeza kitambaa kokote utakako, na urefu wa mshono unatokana na mwendo wa mikono yako ukilinganishwa na kasi ya mashine.

Shusha meno. Vyerehani vingi vya umeme vina kitufe chake. Vya kukanyaga, baadhi vina skrubu chini ya meza. Mwombe fundi wako wa cherehani akuonyeshe, ni kazi ya dakika. Kama hakuna, weka urefu wa mshono kwenye sifuri na uyafunike meno kwa kadi nyembamba ya plastiki iliyotobolewa tundu la sindano, uibandike kwa selotepu.

Badili mguu na sindano. Funga mguu wa kutarizia na sindano mpya namba 14. Kama matabaka ni mazito, tumia 16. Mtarizi mzoefu atakwambia anashona bila mguu, na ni kweli, lakini kwake kitambaa kimekazwa kwenye fremu. Matabaka matatu hayakai vizuri kwenye fremu, na bila mguu kidole chako kiko wazi.

Tia uzi wa rangi moja juu na mwingine kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Kwa mazoezi tu. Rangi mbili ndizo zitakazokuambia kinachoendelea.

Vuta uzi wa bobini juu. Shika uzi wa juu, zungusha gurudumu la mkono mara moja, uzi wa chini utatoka kama kitanzi. Uvute ushike zote mbili kwa mishono ya mwanzo. Usipofanya hivyo ncha ya chini itanaswa.

Teremsha wenzo wa mguu, kile kishikio cha kuushushia. Soma tena sentensi hiyo. Mguu wa kutarizia hauligusi sana kitambaa, kwa hiyo macho hayakukumbushi kama umeshushwa au la. Lakini visahani vinavyobana uzi wa juu hufanya kazi pale tu wenzo unapokuwa chini. Ukiuacha juu, uzi unamwagika bila kubanwa na kujirundika chini ya kitambaa. Ule mrundikano unaowafanya watu waamini bobini imeharibika, wakabadilisha bobini, wakapeleka cherehani kwa fundi, mara nyingi ni wenzo tu.

Shona. Vaa glavu za mpira, kata ncha za vidole vyake ukipenda. Zinashika kitambaa bila wewe kukandamiza. Weka viganja kila upande wa sindano, mbali nayo. Anza kukanyaga kwanza, kasi ya wastani isiyobadilika, ndipo usogeze mikono. Usigeuze kipande. Kisukume mbele, nyuma, kushoto, kulia, uso wake ukiwa umekaa vilevile.

Anza na mistari ya mawimbi yasiyogusana. Ukizoea, fanya vitanzi, kisha andika jina lako kwa mwandiko wa kuunganisha. Jina ni zoezi zuri kuliko maua, maana mkono wako unalijua tayari na hutapoteza akili kufikiria umbo.

Soma uzi. Geuza kipande uangalie:

- Uzi wa chini unachomoza juu kama vidoti: uzi wa juu umekazwa mno. Legeza nati yake robo mzunguko.
- Mgongoni uzi wa bobini umenyooka na wa juu umetengeneza vitanzi: uzi wa juu umelegea, au wenzo haukushushwa.
- Vitanzi vinatokea kwenye kona na mizunguko tu: mkono unakimbia pale unapopinda. Punguza mwendo wa mkono, usiguse nati.
- Uzi unakatika mara kwa mara: sindano imechoka au iliwekwa kinyume. Badilisha.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigeuza nati ya juu, skrubu ya bobini na sindano kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

*Umefaulu ikiwa:* mishono ina milimita 2 hadi 3 kwa sehemu kubwa, na rangi ya uzi wa chini haionekani juu. Mizunguko isiyofanana kabisa haina shida. Mgomba hauna majani mawili yanayolingana.

Umeme ukikatika mchana, wenye cherehani cha kukanyaga wanaendelea, na siyo hilo tu. Mguu unaozoea mwendo wake hutoa kasi tulivu kuliko pedali nyingi za umeme, ambazo huruka kutoka kusimama hadi kukimbia. Kwa anayejifunza ningechagua cha kukanyaga.

## Hatua ya 5: Kulaza uzi

Uzi mnene hauwezi kupita kwenye kitambaa, na ukilazimishwa utakichana. Kwa hiyo unalazwa juu, kisha unafungwa kwa uzi mwembamba.

Chora mstari kwa chaki. Laza sufu au katani juu yake. Kwa uzi mwembamba, toka upande mmoja wa sufu, ruka juu yake, rudi chini upande wa pili, karibu kabisa nayo. Kwenye mstari ulionyooka acha milimita 6 hivi kati ya kifungo na kifungo. Kwenye kona acha milimita 3, la sivyo sufu itakata njia.

Ncha usizikate juujuu. Zipitishe nyuma kwa sindano yenye tundu kubwa, uzilaze sentimita 2 na uzishone kwenye mgongo. Ikiwa uzi haupiti, toboa kwanza kwa ncha ya mkasi mdogo, tundu dogo tu.

Katani ni ngumu na inachoma. Iloweshe, ipinde umbo unalotaka, iache ikauke ndipo uilaze. Inafaa kwa mashina ya migomba, paa la nyasi, na njia za udongo zinazopanda kwenda Marangu au Machame. Kwa barafu na mawingu tumia sufu.

*Umefaulu ikiwa:* ukipitisha ukucha chini ya uzi uliolazwa hauinuki.

## Hatua ya 6: Kuhamia kwenye kazi halisi

Mpangilio ni huu, na usibadilishwe: cherehani kwanza, bandi ya mkono pili, uzi wa kulaza mwisho. Sufu iliyotangulia hunaswa na mguu wa cherehani na kung'olewa.

Ongeza sentimita 5 kila upande wa picha. Mishono ikiwa mingi kitambaa kinasinyaa, na bila akiba hiyo ukingo utakula kilele cha mlima.

Sambaza uzito wa mishono. Ukijaza majani ya migomba kwa mishono iliyosongamana na kuacha anga tupu, anga litavimba. Si lazima anga lijae; mistari mirefu ya bandi, kila baada ya vidole vinne, inalishika.

Chagua mshono mmoja uwe mkuu, miwili isaidie. Kazi yenye mitatu kwa nguvu sawa inageuka kuwa sampuli. Na ukiniuliza kuhusu soko la watalii la Arusha, twiga na machweo wameshashonwa vya kutosha. Shona Mlima Meru kama unavyoonekana ukiwa mjini, soko la Kilombero na ndizi zake, au mbuni wa kahawa wenye matunda mekundu ya mafundo madogo. Mgeni anayeondoka kwa ndege hupendelea kazi inayokunjwa ikaingia kwenye begi la mkononi, kwa hiyo sentimita 40 kwa 50 inauzika kirahisi kuliko ukuta mzima.

## Hatua ya 7: Kunyoosha na kumalizia

Toa bandi za kushikilia. Nyunyizia maji kazi nzima, itandaze kwenye godoro lililofunikwa taulo, ibane kwa pini kila sentimita 5 ukipima pembe ziwe mraba, uiache kivulini mpaka ikauke kabisa. Mawimbi mengi yanaisha hapo. Pasi usiipitishe juu ya sufu. Geuza kazi kifudifudi juu ya taulo na upige upande wa mgongo.

Kata akiba ya pembeni, funga ukingo kwa utepe wa kitenge wa sentimita 6 uliokunjwa mara mbili. Mgongoni, juu, shona mfuko wa kitambaa wenye upana wa sentimita 10 wa kupitishia fimbo. Acha mfuko uwe mfupi kuliko kazi kwa sentimita 2 kila upande ili fimbo isichungulie.

Itundike mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, kwa sababu vitenge hupauka. Vumbi la kiangazi likung'utwe kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, bila kusugua uzi uliolazwa.